Johnny Dollar: kwa nini sauti inabadilika, na uanzie wapi

Ndugu, umeuliza kwa nini Johnny Dollar wa rekodi moja hana sauti ya mwenzake wa rekodi nyingine, na uanzie wapi. Ni kwamba Yours Truly, Johnny Dollar, mchezo wa redio kuhusu mpelelezi wa bima aitwaye Johnny Dollar, ilirushwa na mtandao wa redio wa CBS wa Marekani tangu Februari 1949 hadi Septemba 1962, na waigizaji sita walipokezana kumwigiza Dollar: Charles Russell, Edmond O'Brien, John Lund, Bob Bailey, Bob Readick na Mandel Kramer.

Nimezisikiliza rekodi hizi kwa miaka, nyingi nikiwa kwenye basi la usiku, na msimamo wangu ni ule ule: anza na Bailey, Oktoba 1955.

Watatu wa mwanzo walipewa nusu saa kwa wiki. Kesi inafunguliwa, ngumi zinarushwa, muuaji anakamatwa, basi. Mwaka 1954 kipindi kikazimwa, kikakaa kimya zaidi ya mwaka. Kiliporudi, mwongozaji Jack Johnstone alikipanga upya: robo saa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kesi moja wiki nzima. Hapo sasa mashahidi wakapata nafasi ya kusita, kudanganya na kujikanyaga.

Dollar huchunguza madai ya bima, na kisa chote hukisimulia kama mtu anayerejesha masurufu: nauli ya kutoka Hartford, mji wake kule Marekani, teksi, kinywaji alichomnunulia shahidi, kila kitu na bei yake. Kwa sauti ya Bailey, hata hela ya teksi inakuambia kama amechoka, amekasirika au amemwonea mtu huruma. Hakuna mwingine aliyeliweza hilo.

Mpango wa kila siku ulikoma Novemba 1956, wakarudi nusu saa kwa wiki. Bailey aliendelea hadi Novemba 1960. Utayarishaji ulipohamishwa kutoka Hollywood kwenda New York, yeye hakwenda. Readick alishika kwa miezi michache. Kramer usimdharau, ana utulivu wake, na ndiye aliyefunga pazia Jumapili ya 30 Septemba 1962, siku ambayo Suspense, mchezo mwingine wa redio wa CBS, nao uliisha. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa zama za michezo ya redio kule Marekani.

Kwa hiyo tafuta The Macormack Matter, kesi ya kwanza ya mtindo wa siku tano. Sikiliza kipande kimoja kwa siku, kama walivyosikiliza wao. Ukivimaliza kwa mkupuo, ile hamu ya kusubiri kesho hutaipata. Ukishamzoea Bailey, ndipo urudi nyuma kwa O'Brien.