Mshahara mmoja, watu wawili tofauti

Mkuu umeuliza inakuaje wawili wana kazi moja na mshahara uleule, mmoja anakuja amechangamka mwenzake kila siku kulalamika. Sio uvivu wala roho mbaya, watu tumetofautiana kweli. Mwaka 1989 watafiti kina Arvey kule Marekani walitoa utafiti wa mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, wakakuta kama 30% ya tofauti za watu kwenye kuridhika na kazi inaendana na kurithi, kwa hiyo posho peke yake haiwezi kumaliza kila kitu. Ila usichukulie kwamba basi mtu ndo hivyo hasaidiki, maana hiyo 70% iliyobaki ni mambo mengine na kazi yenyewe imo humo. Mtu mkimya ukimweka kaunta apokee wateja toka asubuhi mpaka jioni anachoka vibaya, mpeleke stoo kwenye hesabu za mzigo uone anavyonyooka. Ningekuwa bosi wenu ningemwita huyo anayelalamika, nimuulize taratibu ni sehemu gani ya kazi anaipenda na ipi inamchosha, kabla hata ya kufikiria barua ya onyo.