Usizibe hicho kitundu cha kwenye mfuniko wa tangi!

Mkuu, weka chini hiyo silikoni kwanza, halafu ndiyo usome.

Umeandika kwamba mvua ikinyesha au ukiosha pikipiki, maji yanatuama kuzunguka mfuniko wa tangi. Fundi wako amekuonyesha kitundu kidogo pembeni ya mdomo wa tangi akasema maji yanaingilia hapo, paka gundi. Sasa unauliza gundi ipi inahimili petroli, na ufunguo wa mfuniko nao umeanza kukwama. Nimesoma hadi tumbo likanikata, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayafuata, na tangi langu likafa.

Kitundu hicho hakiendi kwenye petroli. Mfuniko wako ni ule uliolala sawasawa na uso wa tangi, kwa hiyo umekaa ndani ya kibonde, na maji yakishaingia kwenye kibonde lazima yapate pa kutokea. Ndiyo maana kitundu kimewekwa nje ya duara la mpira wa mfuniko. Kinaungana na kijibomba chembamba cha chuma kinachopenya tangi kutoka juu hadi chini. Petroli inakizunguka kwa nje, ila ndani yake ni pakavu. Chini ya tangi kinachomoza, kinavishwa mpira unaoshuka nyuma ya injini hadi karibu na ardhi. Huo ni mfereji wa maji. Yakituama juu, ujue mfereji umeziba, na wewe unataka kuuziba zaidi!

Huyo fundi wangu bado ananiuma. Mtu ameshika spana miaka yote hiyo, hajajiuliza hata siku moja kwa nini kiwanda kitoboe tundu la kuingiza maji kwenye petroli? Angesema tu hajui, ningeondoka zangu salama. Na msiniulize kwa nini nilimwamini: alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, nani asingemwamini?

Nilipaka asubuhi, ikakauka, nikamwagia maji kuijaribu. Yakatulia palepale juu, hayakwenda popote. Nikafurahi kwamba hayaingii tena.

Siku chache baadaye ikanyesha usiku kucha, pikipiki iko nje, kibonde kikajaa kama kisosi cha chai. Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Tangi linapumua. Petroli inavyotumika, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na pikipiki nyingi inaingilia kwenye kipumulio kilicho ndani ya mfuniko. Hata ikiwa imeegeshwa tu, tangi likipata joto mchana mvuke unatanuka na kutoka, likipoa usiku linavuta hewa ndani. Kama juu ya kipumulio pamekaa maji, litavuta nini? Litavuta maji. Silikoni niliyopaka kuzuia maji ndiyo iliyoyakusanya mahali tangi linapovutia pumzi.

Kesho yake ikawaka vizuri, ikaenda mwendo wa kutosha tu kunipa moyo, kisha ikaanza kukohoa kama mzee mwenye pumu, ikazima katikati ya mlima. Nikadhani mafuta yamekwisha, nikageuza koki, ile valvu ya petroli chini ya tangi, kwenye rizevu, yaani mafuta ya akiba. Hapo ndipo nilipoimaliza kabisa. Rizevu inachota chini kabisa ya tangi, na maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yote yalikuwa yamelala hukohuko chini.

Jioni nikafungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikakinga kwa chupa ya kioo. Juu petroli na rangi yake, chini maji meupe, katikati mstari mnyoofu kama umekatwa kwa wembe. Nikaitikisa chupa, maji yakagawanyika vitone vya duara vikaviringika chini kama shanga. Ningekuwa na akili ya leo ningeenda moja kwa moja kwenye kitundu. Nilirudi kwa fundi yuleyule. Akabadilisha plagi. Akasafisha kabureta, akazibua jeti, yaani vitundu vyake vya kupitishia petroli, pikipiki ikapona siku mbili. Ikanyesha, ikazima. Akasafisha tena. Mara tatu nilimlipa kutoa maji ambayo yeye mwenyewe aliyafungulia njia!

Na kuhusu gundi uliyouliza: silikoni ya kawaida haiwezani na petroli. Petroli inayomwagika kidogo wakati wa kujaza iliivimbisha ikawa laini kama jeli, ikaanza kumeguka. Kila nikifungua mfuniko, vipande vinadondoka ndani. Nilikuja kuvikuta vimejibana kwenye chujio la koki. Lakini hata ukipata gundi inayostahimili, jibu langu ni lilelile, usipake.

Basi nilipokuja kuelewa kitundu kile ni cha nini, nikaharakisha kukizibua. Nikakwangua silikoni, nikachukua spoku kuukuu ya tairi, nikaisukuma ndani. Ikakwama. Nikasukuma kwa nguvu. Nikasikia "tik", kitu kikaachia, nikashangilia. Kumbe kilichoachia ni kijibomba chenyewe. Unyevu uliobaki chini ya silikoni ulikuwa umekila kwa kutu, nikakitoboa ndani ya tangi, mahali ambapo mkono haufiki.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na harufu. Petroli ilikuwa inapita kwenye tobo, inashuka kwenye mpira wa maji, inadondoka tone kwa tone nyuma ya injini. Shukuru Mungu injini ilikuwa ya baridi. Mchomeleaji alilitazama akakataa hata kuligusa, na alikuwa na haki: tangi lililokuwa na petroli lina mvuke, na mvuke ukikutana na moto ni mlipuko. Nikanunua tangi jingine.

Kwa hiyo kitundu hakizibwi, kinazibuliwa, na kinazibuliwa kutokea chini bila chuma. Uchafu mwingi unakaa juu, pale vumbi na tope vinapoingilia, ukisukuma kutoka juu unaushindilia.

Injini ikiwa baridi na hakuna moto karibu, nyanyua tangi. Chini yake huenda ukakuta mipira miwili, mmoja wa maji na mmoja wa kupumulia. Weka alama kabla hujachomoa ili usije ukabadilisha. Kwanza angalia mpira wenyewe. Mara nyingi umebanwa na tangi lenyewe mahali lilipokalia, au ncha yake imejaa tope lililokauka, na ukikuta hivyo kazi imekwisha. Kama ni mzima, ziba mdomo wa tangi kwa kitambaa safi kikubwa kisichoweza kutumbukia, weka matone ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwenye kitundu, acha yalainishe tope. Kisha chukua bomba la sindano, livishe kampira laini, sukuma hewa taratibu kutokea chini. Ikigoma, pitisha uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, unapinda wenyewe na hautoboi. Ukikwama, rudia sabuni, usilazimishe. Kompresa ya gereji usiisogeze hapo, kijibomba kilichokwishaliwa na kutu hakiuwezi upepo ule.

Kama pikipiki imeshaanza kukohoa, usiongeze petroli juu ukidhani itayameza maji. Mwaga tangi lote na bakuli la kabureta. Yako ikiwa ya injekta, isiyo na kabureta, itaanza kukohoa haraka zaidi, kwa sababu pampu inanyonya chini kabisa ya tangi na inaanza na maji. Mpira wa mfuniko ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha, ila usianze nao.

Ukimaliza, rudisha mipira, chota kijiko kimoja cha maji umwage kwenye kitundu, uchuchumae utazame ncha ya mpira wa maji kule chini. Yanatakiwa yatoke palepale, kijiko kizima. Fanya leo kabla mvua nyingine haijaja, halafu andika hapa umeona nini.