Kwa mwanangu: baada ya makofi

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, pamoja na andiko la igizo ulilolituma. Unasema mmelionyesha mara sita, watu wanalia, wanapiga makofi, kisha wanarudi makwao na wafanyakazi wa nyumbani wanaendelea kunyimwa mishahara. Unauliza wasanii ambao kazi zao zilibadilisha kitu walifanya nini ambacho ninyi hamfanyi.

Nianze na onyesho lenu la mwisho, maana tatizo kubwa liko hapo. Mwajiri anatubu, anapiga magoti, anamlipa binti wa kazi malimbikizo yote ya mshahara. Mtazamaji alikuwa ameshapandwa na uchungu, nanyi mkamtuliza kabla hajanyanyuka kitini. Kazi yote imefanyika jukwaani, yeye hakubakiziwa kitu cha kufanya. Likateni onyesho hilo. Igizo liishie pale binti anapotoka na begi lake bila hata nauli.

Hilo ndilo alilolitambua Augusto Boal, mwongozaji wa Brazili, alipokuwa akifanya kazi nchini Peru mwaka 1973. Watazamaji walikuwa wakipendekeza suluhisho na waigizaji wakiliigiza. Siku moja mwanamke mmoja alikataa kila walichofanya: si hivyo, alisema, hamjanielewa. Boal akamwita apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Kuanzia hapo mtazamaji akawa mtu wa kuingia ndani ya igizo na kujaribu. Igizo shirikishi la namna hii lina taratibu zake, na ukiruka moja linageuka mchezo wa kuchekesha.

Fupisheni igizo libaki dakika 15. Ndani yake ziwepo nafasi tatu au nne ambapo binti angeweza kufanya kitu kingine: siku ya kupatana mshahara, ambapo hakuna kilichoandikwa, mwisho wa mwezi wa kwanza, anaponyamaza, siku mwajiri anaposema "nakuwekea, zikiwa nyingi utafanyia kitu cha maana", na siku jirani anapomuuliza kama analipwa. Kwa sasa mnaanza binti akiwa ameshafungiwa ndani na simu imechukuliwa. Hapo hakuna mlango uliobaki wazi, kwa hiyo hakuna cha kujaribu. Rudisheni hadithi nyuma.

Mkimaliza, mwezeshaji, yaani mwenzenu anayeongoza mazungumzo na watazamaji, anauliza hadhira kama mambo yalikuwa lazima yaishe hivyo. Kisha mnarudia igizo tangu mwanzo, haraka kidogo, na yeyote anaweza kupaza sauti "Simameni!", akapanda na kuchukua nafasi ya binti. Nafasi ya binti tu. Akichukua ya mwajiri atamfanya mwema ghafla, na huo utakuwa muujiza, si jaribio.

Anayeigiza mwajiri ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, na nyinyi mmempa mgeni wa kikundi. Mpeni aliyekomaa. Anatakiwa kubana kama mwajiri wa kweli anavyobana: "Si unakula hapa? Si unalala hapa?" Aiandike orodha ya visingizio hivyo na kuvizoea hadi vimtoke bila kufikiri. Lakini hoja ikiwa nzito kiasi cha kumyumbisha mwajiri wa kweli, naye ayumbe. Akilegea upesi, watu wataondoka na mbinu itakayowaumiza kesho yake. Akiwa jiwe muda wote, wataondoka wamekata tamaa.

Ukimya wa dakika za kwanza usiwatishe. Mwezeshaji akianza kumnyooshea mtu kidole apande, mambo yameharibika. Waambie wazungumze na jirani zao dakika mbili kisha uulize tena, mtaona mikono. Atatokea wa kutoa hotuba: mwambieni "tuonyeshe". Atatokea wa kumpiga mwajiri: mwacheni amalize, kisha mwezeshaji aulize, "Na kesho asubuhi?" Mwigizaji anayempigia simu polisi awepo, mahabusu aliyenyimwa dhamana awepo, matokeo yaonekane.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko yote. Mkialika wafanyakazi na waajiri wao ukumbi mmoja, yule atakayepanda jukwaani ataonekana, na usiku anarudi nyumba ileile. Anzeni na wafanyakazi peke yao, siku yao ya mapumziko, bila kupiga picha. Na kabla ya hapo wapeni andiko walikosoe. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa tamthilia yao ya Kigĩkũyũ huko Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, wanakijiji waliirekebisha katika mazoezi, wakisahihisha namna mzee anavyosema na namna kibarua anavyolalamika. Ikawa yao. Serikali ya Kenya iliifuta leseni ya maonyesho ndani ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. Nakukumbusha pia ili suala la kibali mlishughulikie mapema, kwa maandishi.

Sasa, kila kinachojaribiwa jukwaani kiandikwe. Wekeni waandishi wawili wenye karatasi za safu tatu: alichojaribu mtu, alichojibu mwajiri, kilichokosekana ili afaulu. Boal alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, vikundi vyake vilifanya hivyo na kumbukumbu zikageuzwa miswada. Miswada 13 ikawa sheria za jiji. Kwenu nadhani safu ya tatu itajaa jambo moja: hapakuwa na maandishi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti ya kazi kwa njia anayoielewa, ikiwezekana kwa mkataba wa maandishi, na alipwe angalau mara moja kwa mwezi. Basi tayarisheni fomu ya makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa lugha rahisi: jina, kazi, kiasi, tarehe ya malipo, siku ya mapumziko, sahihi mbili. Chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria kiwe na meza mlangoni watu wanapotoka. Pataneni nao kabla ya kuonyesha. Mkiwatafuta baadaye, yule aliyepata ujasiri usiku ule hatakuwa na pa kuupeleka.

Kuhusu mwajiri wa igizo lenu kuwa mcheshi, kuweni waangalifu. Mnampa maneno matamu yote, na binti analia tu. Marekani kulikuwa na mfululizo wa runinga, All in the Family, ulioanza 1971, uliotaka kuwafanya watu wamcheke mbaguzi Archie Bunker. Neil Vidmar na Milton Rokeach walipochunguza watazamaji, 1974 wakaeleza kwamba wenye ubaguzi zaidi walikuwa wakimwona Archie ndiye mwenye akili. Mpeni binti naye utani wake. Muongezeeni pia mtu wa katikati: mume wa mwajiri, au mama mwingine mtaani, anayejua si haki lakini anaona haya kusema. Miguel Sabido wa Meksiko aliwapa wahusika wa aina hiyo uzito mkubwa katika tamthilia zake za runinga, na mbinu hiyo ilitumika pia katika Twende na Wakati ya Radio Tanzania kuanzia 1993. Hadhira kubwa iko mahali alipo huyo wa katikati, na inamfuata hatua kwa hatua anapobadilika.

Uliuliza pia kama mpige picha. Mkipiga, mpige kama ushahidi. Lewis Hine, aliyeanza mwaka 1908 kupiga picha za watoto viwandani Marekani kwa ajili ya kamati ya taifa iliyopinga ajira za watoto, alijua kila kifungo cha koti lake kiko urefu gani kutoka sakafuni. Alimsimamisha mtoto karibu naye, akampima kwa vifungo, akaandika umri na kazi yake kwenye kijitabu alichokificha mfukoni. Picha bila maelezo hayo ingekuwa huruma tu, na mwenye kiwanda angesema ni uongo. Sheria ya shirikisho ya kuzuia ajira hizo ilipita 1916, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua 1918, na iliyodumu ikaja 1938. Kamati ilikuwa bado ipo na kumbukumbu zake. Ninyi pigeni mikono, daftari la mshahara, chumba cha kulala. Sura ya mtu msiitumie mpaka akubali kwa maandishi na ajue itaonekana wapi.

Baada ya miezi mitatu rudini mahali mlipoonyesha. Msiulize kama walilipenda igizo. Ulizeni fomu ngapi zimesainiwa, nani alilipwa tarehe iliyoandikwa, nani alifukuzwa kwa sababu ya kudai. Hao wa mwisho wawe wa kwanza kutembelewa, na kisa chao kiingie kwenye andiko jipya.

Nitumie andiko mkishalikata. Nataka kuona mmeiandikaje siku ya kupatana mshahara.

Mama yako