Nilinunua glopu sita kabla ya kupima volti

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, gari langu ni la zamani, nikiwasha dimu usiku ni kama nimeshika mshumaa. Nitajie LED kali niifunge niachane na mateso haya." Nilicheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi miaka mitatu iliyopita, neno kwa neno. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, ikawa kumi, ikawa ishirini, nikaona heri niyamwage yote hapa, maana najua hayuko peke yake.

Gari langu ni la mwaka 1998, glopu zake ni H4, zile zenye dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali) ndani ya glopu moja. Nalipenda na siliuzi, msinishauri.

Usiku ulionifungua macho ulikuwa wa mvua. Lami ikilowa huwa nyeusi, inameza mwanga wote. Mbele yangu kulikuwa na gari linakuja, kwa hiyo nilikuwa kwenye dimu, mwendo kama kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Lile gari liliponipita tu nikaona minyororo inaning'inia. Minyororo tu! Lilikuwa lori limeharibika, halina taa, halina kiakisi mwanga, limesimama ndani ya njia yangu. Nilikata usukani, kioo cha pembeni kikang'oka, tukapita. Mke wangu alikuwa kiti cha pembeni na hakusema neno hadi tulipofika nyumbani. Afadhali angepiga kelele.

Kesho yake nikaenda kununua glopu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia, na ndiyo maana naandika.

Jozi ya kwanza ilikuwa za rangi ya bluu, kwenye boksi zimeandikwa maneno matamu ya weupe kama wa mchana. Glopu ya H4 ya kawaida upande wa dimu ni wati 55, na kwa volti 13.2 inatakiwa kutoa mwanga wa takriban lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha mwanga). Ukiipaka bluu hujaiongezea kitu, umeichuja. Sehemu ya mwanga inabaki kwenye rangi. Jicho linaona weupe linadhani ni ukali. Mvua ilipokuja tena nikagundua naona pungufu kuliko mwanzo.

Jozi ya pili nikaamua liwalo na liwe: wati 100 kwa 90, yaani fulu 100, dimu 90. Hizo kweli ziling'aa, tena kwa wiki mbili nzima. Nilitamba nazo. Halafu harufu ya plastiki inayoungua ikaingia ndani ya gari, nikafungua boneti, nikakuta soketi ya taa ya kushoto imeyeyuka imegandana na miguu ya glopu kama ubani. Nyaya zile zilikuwa zimeshachoka kwa wati 55, mimi nimezibebesha zaidi ya mara moja na nusu yake.

Nikampelekea fundi wa umeme wa magari. Alibadilisha soketi, kisha nikamwomba anipimie kama umeme unafika sawasawa. Akaichomoa soketi kwenye glopu, akachomeka ncha za mita yake ya umeme, ikasoma volti 13.7. "Umeme umejaa, bosi. Tatizo ni glopu zako, weka LED." Nilimshukuru. Nikamlipa. Hadi leo nikikumbuka lile neno "asante" nililomwambia naumia, kwa sababu kipimo kile kilikuwa cha uongo na kilinichelewesha karibu mwaka mzima.

Nikafunga LED. Ukutani zilipendeza mno, nikapiga na picha. Barabarani zikamwaga mwanga mweupe mita chache mbele ya bampa, na huko mbali, ambako hatari iko, kukabaki giza. Tena giza zaidi, kwa sababu jicho likishazoea mwanga mkali wa karibu haling'amui cha mbali. Baadaye nikaelewa. Ndani ya glopu ya H4 kuna uzi mdogo uliokaa mahali pake hasa, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokata mwanga usipande juu. Bakuli la taa lilichongwa kwa hesabu ya uzi ule. LED nyingi za kuchomeka zina vipande bapa kwenye pande mbili, mwanga wake unatoka mahali pasipotarajiwa na bakuli linautupa ovyo. Ndiyo maana nchi nyingi haziruhusu kuzichomeka kwenye taa iliyotengenezewa halojeni, yaani glopu za uzi kama hizi za H4.

Waliokuja mbele yangu walinipigia fulu, nami nikawapigia, nikidhani wao ndio wakorofi. Hadi siku moja tuliposimama kwenye foleni, dereva mmoja mtu mzima akashuka, akaja dirishani kwangu, akaniuliza taratibu: "Kijana, unatafuta njia au unanitafuta mimi?" Sikuwa na jibu. Nilizing'oa usiku uleule. Na wewe unayetembea na hizo taa zako za kupofusha watu huku ukijiona mjanja, jua kwamba yule unayempofusha anakuja upande wako kwa mwendo uleule wa kwako. Huo si ujanja.

Glopu sita, basi. Na muda wote huo nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, kwa sababu glopu zangu za kwanza hazikuwa na kosa lolote.

Aliyenitoa gizani ni mita ya kuazima na swali moja nililojiuliza: kwa nini fundi aliichomoa soketi? Fikiria mpira wa maji uliokunjika katikati. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, maji yatakusukuma kwa nguvu zote na utaapa kwamba mpira ni mzima. Achia kidole, kinatoka kijimkojo. Waya mbovu ni hivyohivyo. Soketi ikiwa tupu hakuna umeme unaopita, kwa hiyo volti zinasoma kamili hata kama waya umebakiwa na nyuzi mbili na kutu. Taa inapimwa IKIWA INAWAKA. Glopu iko ndani ya soketi, dimu imewashwa, injini inanguruma, unaingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi.

Kwenye betri nilipata 13.8. Kwenye glopu, 11.3.

Nilikaa chini. Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotelea njiani. Na mwanga wa halojeni haupungui sambamba na volti, unaporomoka: poteza asilimia 10 ya volti, umepoteza takriban asilimia 30 ya mwanga. Mimi nilikuwa nimepoteza asilimia 18, yaani karibu nusu ya mwanga wangu ilikuwa imepotea kwa sababu ya nyaya. Glopu zenye wati kubwa ziliongeza upotevu huohuo, maana umeme mwingi zaidi kwenye waya mbovu hupoteza volti nyingi zaidi. Nilikuwa nanunua ugonjwa.

Nikaanza na ethi, yaani njia ya kuurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa sababu ni rahisi. Boliti inayobana waya wa ethi kwenye bodi ilikuwa na kutu na unga wa kijani. Nikaifungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikaikaza. Ikapanda hadi 12.2. Dakika kumi za kazi, na sikununua chochote! Ukitoka na kitu kimoja tu humu, toka na hicho.

Kilichobaki kilikuwa upande wa chanya. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wote wa taa, karibu ampea 9 au 10 kwa dimu mbili, unasafiri kutoka betri hadi kwenye swichi ya usukani, unapita ndani yake, ndipo unarudi mbele kwenye taa. Njia ndefu, nyaya nyembamba, na swichi iliyoungua kwa miaka. Dawa yake ni rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Swichi inabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu, ambayo inakula umeme kidogo sana, na taa zinakula moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene. Mimi nilitumia waya wa milimita mraba 2.5, rilei moja ya dimu, moja ya fulu, na fyuzi karibu kabisa na betri. Fyuzi si ya kujadili. Miguu ya rilei ina namba: 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni waya wa zamani wa taa na ethi. Angalizo: kuna magari ambayo swichi yake huwashia taa upande wa ethi, chanya iko pale muda wote, ukiunga kama nilivyounga mimi hapo hutaelewana nalo, kwa hiyo pima kabla ya kukata waya. Kazi ilinila Jumamosi nzima na sitawachosha nayo. Jioni mita ilisoma 13.5 kwenye glopu za kawaida kabisa, wati 55. Nilizima na kuwasha kama mara kumi, kama mtoto.

Vioo vya taa vilikuwa vimepauka njano. Dawa ya meno nilijaribu, inadumu wiki. Nilisugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, nikamaliza kwa polishi na vanishi inayozuia miale ya jua. Ukiacha vanishi, njano inarudi. Ndani ya bakuli usiguse kabisa, ule mng'ao ni utando mwembamba wa alumini na kitambaa kinaung'oa. Glopu nayo usiishike kioo chake kwa vidole.

Kuelekeza taa kunakuja mwisho. Ukuta mnyoofu, sakafu sawa, matairi yana upepo, mtu amekaa kiti cha dereva. Umbali mita 5, mstari wa juu wa dimu uwe chini ya usawa wa kitovu cha taa kwa kama sentimita 5. Ya kwangu moja ilikuwa inatazama miguu, nyingine inatazama ndege.

Wiki iliyopita nilimpita mwendesha baiskeli usiku, naye hana taa. Nilimwona mapema mno, nikapunguza taratibu, nikampisha. Mke wangu akasema, "Umemwona?" Nikamwambia nimemwona zamani. Akarudi kwenye simu yake.

Sasa wewe ndugu uliyeniandikia. LED sikutajii. Azima mita, washa injini, washa dimu, pima betri, kisha pima nyuma ya soketi, ya kushoto na ya kulia. Niletee namba hizo tatu, tuanzie hapo.