Wadogo zangu mnaoingia kwenye tenda za IT, someni ugomvi wa Pentagon

Kila bajeti mpya ikianza Julai napokea vijana wapya hapa ofisini kwetu Kirumba, wengine wametoka SAUT pale Malimbe, wengine walimalizia chuo Dar wakarudi nyumbani Mwanza, na wote wanajua kutengeneza mifumo kuliko mimi. Haipiti mwezi nasikia swali lile lile, bro mfumo wetu ni mzuri kuliko wa wale jamaa, mbona tenda wamepewa wao?

Jibu langu ni moja tu, tenda haigombaniwi kwenye mfumo, inagombaniwa kwenye yale makaratasi yanayosema mfumo uweje. Vigezo. Nyie ni watu wa ziwa, mnajua ukubwa wa macho ya nyavu ndo unaamua samaki gani abaki na gani apite, sasa kigezo cha tenda kinafanya kazi hiyo hiyo, na anayewahi kukipinga au anayekisoma kwa makini kuliko wenzake ndo anaondoka na kazi.

Darasa langu huwa naliendesha kwa kesi za wizara ya ulinzi ya Marekani, Pentagon. Sio kwamba nawashabikia, na sio kwamba kuna mtu hapa Mwanza anaenda kuuza klaudi (kompyuta na hifadhi ya data za kukodi kupitia mtandao) kwa jeshi la Marekani, ila kule kampuni ikinyimwa kazi inakimbilia mahakamani na hukumu ikitoka hata wewe na bando lako la jero unaisoma. Mambo ya jeshi letu huwezi kuyafanyia darasa na wala hayatuhusu, ya kule yako mezani.

Anzeni na JEDI. Mwaka 2018 Pentagon ilitangaza inataka klaudi ya jeshi zima, mkataba wa mpaka miaka 10, thamani mpaka dola bilioni 10, na mshindi awe mmoja tu. Hilo la mshindi mmoja ndo lililowasha moto. Watu wengi waliona kazi ni ya Amazon kabla hata ya kufunguliwa, maana Amazon tangu 2013 walikuwa wameshapata klaudi ya CIA, shirika lao la ujasusi, kazi ya dola milioni 600 (ambayo nayo IBM waliilalamikia, mwishowe mahakamani wakashindwa). Oracle, kampuni nyingine kubwa ya mifumo, hawakusubiri kushindwa, walipeleka pingamizi kabla hata tarehe ya kufunga haijafika, kwenye GAO, ile ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ambayo inasikiliza malalamiko ya tenda na inatakiwa itoe jibu ndani ya siku 100. Novemba 2018 wakakataliwa. Wakaenda mahakamani, Julai 2019 wakakataliwa tena.

Sasa hapo kwenye kukataliwa ndo kuna elimu. Jaji alikubaliana nao kwamba ile sababu iliyotumika kuamua mshindi awe mmoja ilikuwa na kasoro kisheria. Yani hoja yao kubwa ilikuwa na mashiko kabisa! Lakini kulikuwa na vigezo vya getini, vile ambavyo ukikosa kimoja hawaendelei kukusoma, na kimoja kilitaka uwe tayari na data senta (majengo ya seva) zisizopungua tatu ndani ya Marekani zenye kibali cha usalama cha serikali siku unayopeleka zabuni. Oracle wenyewe walikiri hawakuwa nazo siku hiyo. Jaji akasema basi, hata kama kuna makosa mengine nyie hayajawaumiza, kwa sababu getini mlikuwa hampiti. Kampuni yenye mabilioni na mawakili wa kujaza daladala ikasimamishwa na sharti moja la data senta.

Google wao walijitoa Oktoba 2018, wakasema hawana uhakika kazi yenyewe inaendana na misimamo yao ya akili mnemba, na pia kuna sehemu ya kazi vibali vyao havijafika. Watu wengi wanaikumbuka ile sababu ya kwanza maana ndo ina heshima, mimi nawaambia vijana muikumbuke ya pili.

Oktoba 2019 mshindi akatangazwa, na hakuwa Amazon, ni Microsoft. Mwezi uliofuata Amazon wakaenda mahakamani wakisema rais Trump kaingilia kwa sababu hampendi Bezos, mwanzilishi wa Amazon, na magazeti dunia nzima yakaandika Trump na Bezos, Trump na Bezos. Februari 2020 jaji akasimamisha kazi isianze, Amazon wakatakiwa waweke dola milioni 42 kama dhamana kama itakuja kuonekana wamesimamisha kimakosa. Lakini alisimamisha kwa lipi? Sio kwa Trump. Kwenye kupima bei kulikuwa na mifano ya matumizi ambayo kila kampuni iiwekee bei, na kwenye mfano wa sita hifadhi ya data ilitakiwa iwe ya kufikika muda wote haraka, jaji akaona Amazon wana nafasi kubwa ya kuthibitisha kwamba hifadhi waliyoweka Microsoft haikufikia hapo na ilikuwa haifai kupita vile. Aina ya hifadhi, kwenye mfano mmoja wa bei. Hicho ndo kilichosimamisha dola bilioni 10.

Mwisho wake Pentagon walichoka, Julai 2021 wakaifuta JEDI yote, na Desemba 2022 wakatoa nyingine inaitwa JWCC, mpaka dola bilioni 9, wakagawiwa wanne: Amazon, Google, Microsoft na Oracle. Oracle yule yule aliyeshindwa GAO, akashindwa mahakamani, akashindwa rufaa, na mahakama yao ya juu kabisa ikakataa hata kumsikiliza. Kapata anachokitaka tangu siku ya kwanza, washindi wawe zaidi ya mmoja. Mimi naamini zile kesi zilimnunulia muda mpaka akakamilisha vibali vyake, nyie mnaweza kuona tofauti.

Turudi hapa kwetu. Tangu 2023 tenda za serikali zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na sheria mpya ya ununuzi wa umma ni ya mwaka huo huo, kwaiyo zile hadithi za bahasha kwenye sanduku mnazosikia kwa wakubwa ni historia. Muda ukifika mfumo unafunga, hauna huruma na Tanesco wala na mtandao. Kuna tenda moja tuliiandaa ya mfumo wa malipo, kigezo kinasema mzabuni aoneshe mikataba miwili ya kazi zinazofanana na hii, kila mmoja usiopungua milioni 150, ndani ya miaka mitano. Dogo mmoja mwenye akili sana tu kaambatanisha mitatu, jumla inafika milioni 340, kafurahi kabisa. Nikamuuliza umeona neno gani hapo, akasoma mara ya kwanza hola, mara ya pili akakaa kimya akaanza kucheka mwenyewe. Kila. Mkataba mmoja wa kwake ulikuwa wa milioni 70, na kwenye ile miwili iliyobaki ni mmoja tu uliofika 150. Bahati nzuri ilikuwa bado mchana, tukatafuta mkataba mwingine kabatini ambao ulikuwa umefanyiwa nyongeza ya kazi ukavuka, tukaweka na ile barua ya nyongeza, tukapita.

Kwaiyo ukifungua nyaraka za zabuni usianze na maelezo ya mfumo, najua ndo sehemu tamu kwako. Anza na vigezo vya tathmini, viandike kwenye karatasi kwa mkono, mbele ya kila kimoja andika ushahidi uko wapi na ukurasa gani. Kama ushahidi haupo na hauwezi kupatikana, acha hiyo tenda nenda kale sato. Sitanii, kuandaa zabuni ya kushindwa ni gharama, kuna usiku wa watu, kuna dhamana ya zabuni kwa zinazoitaka, kuna vyeti na viapo vya mawakili.

Kingine ambacho wapya hamuamini ni kwamba kulalamikia vigezo ni haki yako, ila ina muda. Palantir mnawajua, wale wa kuchambua data. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa linataka kutengenezewa mfumo wake wa taarifa za kijasusi kuanzia sifuri wakati Palantir wana kitu tayari sokoni. Hawakusubiri tenda itoke wapewe wengine, 2016 walikwenda mahakamani wakaishika sheria ya 1994 inayosema serikali iangalie kwanza kama kitu kipo sokoni kabla ya kuagiza kitengenezwe. Oktoba ile ile ya 2016 wakashinda. Jaji hakuwapa kazi, aliwaambia jeshi nendeni mkaangalie soko kwanza, na Machi 2019 kazi ikaja kwao. SpaceX nao walifanya hivyo kwa jeshi la anga 2014 kwa sababu kazi za kurusha roketi zilikuwa zinapewa kampuni moja kwa mkupuo, wakamalizana nje ya mahakama Januari 2015, Mei wakapata ithibati ya kurusha mizigo ya jeshi. Kule ukikaa kimya kuhusu kigezo mpaka tenda ikafunga afu ukashindwa ndo unakuja kulia kigezo kilikuwa kibaya, wanakwambia umechelewa, ulikuwa unakiona.

Huku kwetu hauhitaji mahakama, kuna sehemu ya kuomba ufafanuzi na ni ya bure. Taasisi moja ya umma kanda hii ya ziwa ilitangaza seva, wakaandika chapa na modeli kabisa, na barua ya mtengenezaji ya kukuruhusu kuuza vifaa vyake, ambayo kila mtu mjini alijua nani anayo. Vijana wa duka moja la kompyuta pale karibu na Makoroboi walitaka kususa, wakashauriwa waandike swali fupi la heshima: naomba kufahamu kama vifaa vyenye uwezo sawa na huo vitakubaliwa. Basi. Hakuna neno rushwa, hakuna kutishia TAKUKURU. Jibu lilikuja kwa wazabuni wote, vya uwezo sawa vitakubaliwa. Kazi hawakuipata, aliipata wa Shinyanga kwa bei ya chini yao, lakini yule mwenye barua naye hakuipata.

Kuhusu pesa, mkisikia "mpaka" bilioni kadhaa msianze kugawana. Ile JEDI ya bilioni 10, kiasi ambacho mshindi alihakikishiwa kilikuwa dola milioni 1. Kingine chote ni jeshi likiagiza. Microsoft walipata kazi ya miwani ya kidijitali ya askari 2021, mpaka dola bilioni 21.88 kwa miaka 10, askari waliojaribu wakalalamika kichwa kuuma na kichefuchefu, na Februari 2025 ikatangazwa Anduril, kampuni ya teknolojia za kijeshi, ndo wanaichukua kuendelea nayo. Mikataba ya aina hii ipo na huku, unawekwa kwenye orodha ya watoa huduma afu unasubiri oda, aisee kuna watu wamekopa benki wakanunua vifaa kwa kuonesha mkataba wa namna hiyo na oda haijaja. Benki haisubiri oda.

Afu watu. Mtakutana na maafisa ununuzi, mtazoeana, mji wenyewe huu mdogo, utamkuta kanisani Nyakahoja au kwenye nyama choma Nyamanoro. Salimia, kunywa soda, maongezi ya tenda yaache kwenye mfumo. Boeing ni kampuni kubwa sana lakini ilichafuka kwa kumuahidi kazi mama mmoja wa ununuzi wa jeshi la anga, Darleen Druyun, huku bado anasimamia mikataba yao. Mama alihukumiwa kifungo cha miezi 9 mwaka 2004, mkuu wa fedha wa Boeing akafungwa miezi 4, na dili la ndege za kubebea mafuta la zaidi ya dola bilioni 20 likafa. Nani aliwahi kusema ajira ni rushwa? Ndo hivyo, inaweza kuwa.

Na wewe mwenyewe jiulize unamuuzia nani. Google 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 walisaini barua kupinga Maven, kazi ya kuchambua picha za droni za jeshi, na kampuni ikasema mkataba ukiisha hairudii. Februari 2025 Google hao hao wakaondoa ile ahadi ya kutotengeneza silaha kwenye misimamo yao. Sikupangii, ila ukiajiriwa kampuni yenye kazi za ulinzi uliza mapema, sio siku mfumo umeshakamilika.

Kwa wenye kampuni changa, msitamani kuwa mkandarasi mkuu mwaka wa kwanza. Hata kule wadogo wengi wanaingia kama wasaidizi wa mkubwa, au kupitia ule mpango wa serikali yao kwa kampuni ndogo, SBIR, unapewa hela kidogo ya kujaribu wazo, likifaa unaongezewa, na ukifika hatua ya tatu wanaweza kukupa kazi bila kushindana na mtu. Hapa Tanzania kuna ile asilimia 30 ya ununuzi wa makundi maalum, vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, mkiwa kikundi mmesajiliwa vizuri haushindani na majitu ya Dar. Nyingine ni ubia, mwenye uzoefu analeta mikataba yake, wewe unaleta watu na akili, ila mkubaliane kwa maandishi nani anafanya nini na nani analipwa lini kabla hamjapeleka chochote, maana ubia wa mdomo nimeona ukivunjika siku hela inaingia.

Mkishindwa, na mtashindwa sana, ile barua ya kusudio la kutunuku zabuni msiifute kwa hasira. Inakwambia nani kashinda, kwa bei gani, na wewe umeangushwa na kipi, na siku za kulalamika zinaanza kuhesabika hapo hapo na ni chache. Isome siku hiyo hiyo, linganisha na ile karatasi yako ya vigezo. Kama kigezo walichokuangushia hakikuwepo kwenye tangazo, andika kwa afisa masuuli (mkuu wa taasisi iliyotangaza) kupitia mfumo, asiporidhisha nenda mamlaka ya rufani za ununuzi wa umma. Kama kilikuwepo na kweli hukuwa nacho, funga kompyuta, kesho uanze kukitafuta, kama ni cheti basi ombeni kabla ya Julai nyingine maana vingine vinachukua miezi.