Maswali ya Wasomaji: Nani Aliikata Historia Vipande Vitatu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo, nasoma historia. Juzi lekchara katuambia eti habari ya kugawa historia kuwa ya Kale, Zama za Kati na ya Kisasa ilienezwa na profesa mmoja wa Ujerumani, Cellarius, halafu akahamia mada nyingine. Sasa huyu ni nani, na nani kampa ruhusa ya kuamua mambo makubwa hivyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Ruhusa hakupewa na mtu. Alikuwa mwalimu wa shule anayetaka kitabu cha kufundishia, basi, na kitabu kikapendwa.

Jina lake Christoph Keller, kwa Kilatini ndo Cellarius maana wasomi wa enzi zile waliandika kila kitu kwa Kilatini mpaka majina yao. Kazaliwa 1638 mji wa Schmalkalden katikati ya ile Vita ya Miaka Thelathini, kwa hiyo utoto wake karibu wote ni Ujerumani inayochomwa na kuporwa, amani imekuja 1648 yeye hata miaka kumi hajatimiza. Akasoma Jena na Giessen, na hapo usifikiri alitoka chuo akapewa uprofesa, wapi! Kaanzia Weissenfels kufundisha Kiebrania na maadili, 1673 akawa mkuu wa shule Weimar, 1676 Zeitz, 1688 Merseburg. Miaka ishirini na zaidi ya chaki, wavulana, na sarufi ya Kilatini.

Na mimi naona siri yake iko hapohapo. Wakati ule historia ya dunia Ujerumani ilifundishwa kwa mpango wa falme nne uliotolewa kwenye kitabu cha Danieli kwenye Biblia: Babeli, Uajemi, Wagiriki, halafu Roma, na Roma ndo ya mwisho mpaka kiama. Na Wajerumani walijihesabu bado wako ndani ya hiyo Roma, maana Kaisari wao alijiita wa Kirumi, kwa hiyo ukisema Roma imekwisha unagusa siasa na unagusa dini kwa mpigo mmoja. Cellarius hakupigana na mtu. Ye alitoa tu vitabu vidogo vya shule, cha historia ya kale 1685, cha zama za kati 1688, na cha historia mpya 1696, na ndani yake falme nne hazishiki tena usukani. Cha kati kinaanza na Kaisari Konstantino wa Roma kinaishia Waturuki kuiteka Konstantinopoli, mji wa Makaisari wa Roma ya mashariki (leo Istanbul), yaani 1453. Mwanafunzi anashika mwanzo na mwisho, anaenda kwenye mtihani. Wazo lenyewe si lake, kuna wasomi waliomtangulia waliokwisha kuzungumzia zama za katikati, ila wao waliandikia wasomi wenzao na yeye akaandikia madarasa, na ukiniuliza mimi nani hubadilisha vichwa vya watu zaidi, nitakwambia mwandishi wa kitabu cha kiada, hata kama hakuna anayemkumbuka jina.

Uprofesa umekuja 1693 akiwa na miaka 54, chuo kipya cha Halle alichokuwa anakianzisha mtawala wa Brandenburg, moja ya dola za Ujerumani, kikazinduliwa rasmi 1694. Akapewa ufasaha wa lugha pamoja na historia, mtu mmoja kiti kimoja, na hilo lilikuwa la kawaida kabisa, kwani historia ilionekana ni ghala la mifano ya kutia kwenye hotuba. Kitivo chenyewe, cha falsafa, ndo kilikuwa cha chini, kijana anapitia pale akielekea teolojia, sheria au udaktari kwenye hadhi na pesa. Na Halle hapo vigogo walikuwa Thomasius upande wa sheria, yule aliyethubutu kufundisha kwa Kijerumani badala ya Kilatini, na Francke mwenye vituo vya yatima upande wa dini. Cellarius katikati yao mzee wa Kilatini safi. Hakunyamaza lakini, 1701 na 1706 katoa majuzuu mawili makubwa ya jiografia ya ulimwengu wa kale, na ramani zake, la pili likiwa Asia na Afrika kama walivyozijua Wagiriki na Warumi. Kafariki hapohapo Halle, 1707.

SWALI: Mwalimu, hizo Zama za Kati zake huku pwani zinatufaa? Maana vitabuni naona Kilwa nayo inaitwa mji wa zama za kati. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa makadirio ya miaka, sawa; kwa maana, hapana. Mipaka ya Cellarius ni mambo ya Kaisari wa Roma mwanzo na mwisho. 1453 Kilwa haikutikisika hata kidogo, biashara iliendelea. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale 1331 akakuta mji mzuri, na kilichokuja kuvunja mambo ni Wareno, Vasco da Gama kapita pwani hii 1498 na 1505 meli za Francisco de Almeida zikaipora Kilwa, halafu Mombasa yenu ikachomwa mwaka huohuo. Kwa hiyo kama unaandika insha ya pwani, kata pale pwani ilipokatika, 1505 inakutosha, na mwalimu wako akiuliza mbona hukuweka 1453 mwambie ile ni tarehe ya Konstantinopoli.