Kwa nini Hafez anamwita mpenzi msaipresi

Uliyeuliza kwa nini Hafez, mshairi wa Kiajemi, anamwambia mpenzi "msaipresi wangu unaotembea kwa maringo" (msaipresi ni mti mrefu, mnyoofu): hiyo ni istiara. Tashbihi kamili ya Kiajemi ina viungo vinne: kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, neno la kufananisha (mara nyingi "chun", yaani "kama"), na sifa ya pamoja. "Kimo chako ni kama msaipresi kwa unyoofu", vyote vipo. Mwondoe mpenzi, bakiza mti peke yake, umepata istiara.

Wengi hupotea wanapotaka kuchora mti mzima kichwani. Chukua sifa inayolengwa tu: msaipresi ni kimo, yakuti ni wekundu wa midomo. Nargisi, ambalo ni ua, ni jicho, na likiitwa "gonjwa" usitafute maradhi; ni jicho lililolegea, na ulegevu huo ndio uzuri unaosifiwa.